Bima ikikataa kulipia vifaa vya kusikia vya mtoto, uliza kwanza fedha ni za nani

Mzazi akinipigia simu kuniambia mtoto wake amepimwa, amekutwa hasikii vizuri, na bima imekataa kulipia vifaa, huwa siulizi ni bima ya kampuni gani. Namwuliza jambo jingine: bili za hospitali zinalipwa na fedha za kampuni ya bima, au za mwajiri wenu mwenyewe? Wengi hawajui, wala sioni wangejuaje. Kadi ina jina la kampuni ya bima. Barua zina nembo yake. Anayepokea simu anajitambulisha kwa jina la kampuni hiyo. Lakini hapa Marekani nyuma ya kadi hiyo kunaweza kuwa na mipango miwili isiyofanana hata kidogo, na mtoto kupata au kukosa vifaa kunategemea ni upi kati ya hiyo miwili.

Tunaishi Fort Worth, Texas. Mimi ni wa Tanga, mume wangu ni wa Moshi. Yeye anafanya kazi kwenye ghala la kampuni kubwa, na mimi nafanya ukalimani wa saa chache kwa wiki, zaidi kwa familia za Wakongomani ambazo ni nyingi maeneo haya. Binti yetu wa pili alizaliwa hapa.

Karibu watoto wote wachanga nchini hapa hupimwa masikio kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Mtoto akiwa amelala, mashine inatuma milio midogo sikioni na kupokea mwitikio wake. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Binti yetu hakupita. Walirudia, hakupita tena. Tukaambiwa huenda ni majimaji yaliyobaki sikioni baada ya kuzaliwa, na ni kweli hilo hutokea sana. Ndugu nyumbani walishika hapohapo. Mama mkwe akasema kwa simu, "Mwacheni mtoto jamani, hata babu yake alichelewa kusema." Alisema kwa mapenzi, na kwa kweli sote tulitaka awe amesema kweli.

Aliyetuokoa na kusubiri ni muuguzi mmoja aliyetuandikia tarakimu tatu kwenye karatasi: 1, 3, 6. Mtoto awe amepimwa kabla hajatimiza mwezi 1. Akishindwa, uchunguzi kamili uwe umefanyika kabla ya miezi 3. Akigundulika hasikii, huduma ziwe zimeanza kabla ya miezi 6. Huo ndio mwongozo unaofuatwa nchi nzima. Una sababu yake: mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliogundulika kabla ya miezi 6 walikuwa mbele kilugha kuliko waliogundulika baadaye. Ubongo wa mtoto mchanga unajenga lugha kila siku, na hausubiri barua irudi.

Uchunguzi kamili ulifanyika kliniki, mtoto kalala mapajani mwangu, vibandiko vyenye nyaya kichwani, kompyuta ikisoma kama ubongo unaitikia sauti. Masikio yote mawili yalianza kuitikia kwenye desibeli 60 hivi. Mtaalamu wa usikivu alitueleza kwamba mazungumzo ya kawaida mezani yapo karibu na kiwango hichohicho. Yaani mimi nikiongea naye kwa sauti yangu ya kila siku, alikuwa akipata mnong'ono wa mbali, na mara nyingi hata huo haupati. Akapendekeza vifaa vya kusikia vya nyuma ya sikio, masikio yote mawili, mara moja. Bei ya jozi nzuri ya mtoto pamoja na huduma ya kuvirekebisha ni maelfu ya dola.

Mtaalamu huyo alitutuliza: Texas ina sheria. Ni kweli ipo. Mwaka 2017 Bunge la Texas lilipitisha muswada HB 490, na kwa mipango ya bima iliyoanza au kuhuishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2018, bima inatakiwa kulipia vifaa vya kusikia na vipandikizi vya koklea, yaani vifaa vinavyowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, kwa mtoto wa miaka 18 au chini yake. Kifaa kimoja kwa kila sikio kila miaka 3. Na sheria imeandikwa na mtu aliyejua watoto: imetaja mpaka kalibu za sikio, vile vipande laini vinavyotengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto, na mazoezi ya kusikia na kusema. Niliisoma yote, nikaichapisha, nikaiweka kwenye faili.

Barua ya bima ikaja: vifaa vya kusikia havimo katika mpango wenu.

Nilipiga simu na sheria yangu mkononi. Wa kwanza alisema atafuatilia. Wa pili alisema nikate rufaa. Mpaka nikapata dada mmoja aliyekuwa na subira, akaniambia polepole, "Mama, sheria hiyo haiwahusu. Mpango wenu unalipwa na mwajiri." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Mambo yako hivi. Kuna mwajiri anayenunua bima: anailipa kampuni ya bima michango, na wafanyakazi wakiugua ni kampuni ile inayobeba gharama. Bima ya namna hiyo inasimamiwa na jimbo, na sheria ya jimbo kama HB 490 inaibana. Halafu kuna mwajiri, hasa mkubwa, anayeweka fedha zake mwenyewe pembeni kulipia matibabu ya wafanyakazi, na kuikodi kampuni ya bima ishughulikie karatasi tu: kutoa kadi, kupokea simu, kutuma barua. Mpango huo uko chini ya sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 inayoitwa ERISA, na majimbo hayana mamlaka ya kuuamuru ulipie nini. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Marekani wenye bima ya kazini wako kwenye mpango wa aina hii ya pili. Kwa hiyo wazazi wanahangaika miaka kupitisha sheria jimboni, sheria inapita, inashangiliwa, na bado familia nyingi zinabaki nje bila kujua kwa nini.

Kwa Texas kuna njia nyepesi ya kujua. Geuza kadi yako. Kama bima yako inasimamiwa na jimbo, kadi itakuwa na herufi TDI au DOI. Yetu haikuwa nazo. Nimekwisha kuwaelekeza watu wengi kwenye maegesho ya kanisa watoe kadi zao tuziangalie pamoja, na ni maelekezo ninayoyatoa kwa furaha kuliko yote, maana yanachukua dakika moja na yanaokoa miezi ya kugonga mlango usio wake. Ukikosa herufi hizo, ulizia ofisi ya utumishi kazini, tena kwa maandishi. Omba pia kitabu kamili cha maelezo ya mpango, si kile kijarida cha kurasa chache chenye picha za familia zinazocheka. Ukikiomba kwa barua, sheria ya ERISA inawataka wakupe ndani ya siku 30, na wakikaidi mahakama inaweza kuwatoza faini ya mpaka dola 110 kwa siku. Niliandika hivyo kwenye barua yangu, kwa adabu. Kitabu kilikuja upesi.

Ndani ya kitabu ndimo nilimojua kwamba barua za kukataa nazo haziko sawa. Kuna inayosema kifaa hakina ulazima wa kitabibu. Hiyo inapingika, kwa sababu ni maoni ya kitabibu: unaleta barua ya daktari, unaleta kipimo, na wakishikilia msimamo una haki ya kupeleka shauri kwa mkaguzi huru asiye mtu wao. Muda wa rufaa ya kwanza ni siku 180 tangu kupokea barua, na wa kwenda kwa mkaguzi huru ni miezi 4 baada ya jibu la mwisho. Halafu kuna inayosema kitu hiki kimeondolewa kwenye mpango, hakilipiwi kwa mtu yeyote. Mkaguzi huru kwa kawaida hagusi hiyo, kwani hakuna suala la kitabibu la kuamua. Yetu ilikuwa ya pili. Kwenye orodha ya visivyolipiwa, vifaa vya kusikia vilikuwa vimekaa mstari mmoja na upasuaji wa urembo.

Jambo linaloniuma hadi leo ni hili: mpango uleule ulikuwa tayari kulipia kipandikizi cha koklea. Upasuaji wake pamoja na kifaa hufika makumi ya maelfu ya dola, lakini unahesabiwa kuwa upasuaji, kwa hiyo unapita. Kifaa cha nyuma ya sikio chenye gharama ndogo zaidi, kisichohitaji kisu wala dawa ya usingizi, hakipiti. Mtoto wangu hakuhitaji kupandikizwa. Usikivu aliokuwa nao ulitosha kwa vifaa vya kawaida. Angekuwa kiziwi zaidi, bima ingelipa. Hakuna mtu yeyote, si wa bima wala wa kazini kwa mume wangu, aliyewahi kunieleza mantiki ya hilo.

Tulikata rufaa hata hivyo, na ningemshauri kila mtu akate. Barua ya daktari ilitaja kipimo, umri na utafiti wa 1998. Tuliandika namba zenyewe za msimbo, za kifaa na za ugonjwa, ambazo bima huzitumia, kwa sababu nilishagundua kwamba ukiuliza kwenye simu "mnalipia vifaa vya kusikia?" kila mtu anajibu lake, lakini ukisema "naomba uniangalizie V5261, kwa ugonjwa H90.3, mtoto chini ya mwaka mmoja" mtu anabonyeza na kusoma kilichoandikwa. V5261 ni jozi ya vifaa vya kidijitali vya nyuma ya sikio. V5264 ni kalibu. H90.3 ni upungufu wa usikivu wa neva kwenye masikio yote mawili. Mtaalamu wako atakupa zinazomhusu mwanao. Kila simu niliandika daftarini tarehe, jina la niliyeongea naye na namba ya kumbukumbu ya simu. Daftari hilo lilinipa nguvu ya ajabu: mtu akisema hakuna rekodi ya mimi kupiga, namsomea.

Rufaa ilikataliwa. Mume wangu aliichukua ile barua ya mwisho akataka kuichana. Nashukuru Mungu niliidaka, kwa sababu baadaye barua hiyo ndiyo iliyotufungulia.

Mfanyakazi wa jamii pale kliniki alituuliza kama tumewahi kuomba Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Tukasema tunazidi kipato, tulishakataliwa kwa mtoto wa kwanza. Akasema kuna mlango mwingine Texas, unaitwa Medicaid Buy-In for Children. Ni kwa watoto wenye ulemavu ambao wazazi wao wana kipato kikubwa mno kwa Medicaid ya kawaida, mpaka kama mara tatu ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, na familia inachangia kiasi kila mwezi kulingana na uwezo wake. Mtoto akiingia Medicaid, sheria ya serikali kuu inasema kila aliye chini ya miaka 21 apate huduma zinazohitajika kitabibu, na vifaa vya kusikia vimetajwa humo kwa jina. Texas huduma hizo wanaziita Texas Health Steps.

Fomu yake ilitutenganisha nyumbani kwa muda, na nalisema hili kwa sababu najua si sisi peke yetu. Ili kukubaliwa, mtoto anapimwa kwa vigezo vilevile vya ulemavu vinavyotumiwa na Hifadhi ya Jamii. Kwa mtoto chini ya miaka 5, wastani wa desibeli 50 au zaidi kwenye sikio lililo bora unatosha. Binti yetu alikuwa na 60. Kwenye karatasi hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwa baba yake. "Mtoto wangu si mlemavu," alisema, na hakuwa akiongea na mimi tu; alikuwa akiongea na ukoo mzima, na watu wa Moshi waliojua kijana wao yuko Marekani mambo yamenyooka. Aliogopa jina hilo lingemfuata shuleni, kwenye kazi, kwenye posa. Mimi nilimwona kama anachelewesha masikio ya mtoto kwa ajili ya macho ya watu.

Aliyembadilisha hakuwa mimi. Mpango wa Texas wa watoto wa chini ya miaka 3, unaoitwa Early Childhood Intervention, ulikuwa umetuunganisha na mwalimu wa viziwi anayekuja nyumbani, na naye akatuletea mzee mmoja kiziwi, baba mwenye wajukuu, fundi wa magari maisha yake yote. Alikaa sebuleni kwetu akaongea na mume wangu kwa lugha ya alama, mwalimu akitafsiri, habari za injini, habari za watoto wake, habari za nyumba aliyoijenga. Hakusema neno la kumshawishi. Alipoondoka mume wangu alikaa kimya, kisha akaomba kalamu.

Uamuzi ulichukua miezi. Na hapo ndipo ile barua ilipopata kazi. Medicaid hulipa mwisho, baada ya bima nyingine zote. Kama mtoto ana bima ya kazini, Medicaid inataka uthibitisho kwamba bima hiyo imeombwa na imekataa. Tulikuwa nao, wenye tarehe na sahihi, ngazi zote mbili. Familia nyingine zinafika hapo wakiwa wametupa barua kwa hasira, wanaanza upya. Binti yetu alipata vifaa vyake vya kwanza bila sisi kulipa zaidi ya mchango wa kila mwezi. Wakati wote wa kusubiri hakukaa bure: kliniki ilituazima vifaa vilivyotumika, vilivyosafishwa na kurekebishwa kwa kipimo chake. Kliniki nyingi za watoto zina akiba ya namna hiyo, ila mara nyingi hawatangazi. Uliza siku ileile ya majibu.

Kitu kingine hakikuhitaji kibali cha bima kabisa, nacho ni lugha ya alama. Kuna watu watakwambia ukimfundisha mtoto alama hatasema, na kwa upande mwingine kuna watakaokwambia vifaa ni kumkataa mtoto alivyo. Sisi tulitumia vyote. Binti yetu alitwambia "maziwa" na "zaidi" kwa mikono wakati karatasi zake bado ziko mezani kwa mtu fulani. Siku betri zinapokwisha katikati ya safari, au tunapomwogesha na vifaa vimevuliwa, bado tunazungumza naye. Kiswahili alikianza pia, kwa sababu bibi yake hajui Kiingereza, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyetukataza. Kama yupo anayekushauri uache lugha ya nyumbani kwa sababu mtoto hasikii vizuri, mwambie akuonyeshe ushahidi.

Watu wengi wameniuliza kwa nini tusingenunua tu vile vifaa vya dukani. Tangu Oktoba 2022 Marekani inaruhusu vifaa vya kusikia viuzwe bila cheti cha daktari, na bei yake ni nafuu. Vile ni vya watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, wenye upungufu mdogo au wa kati. Kwa mtoto havifai: hawezi kukwambia kama sauti imezidi, na mfereji wa sikio lake ni mdogo, kiasi kwamba sauti ileile inafika kwa nguvu kubwa kuliko kwa mtu mzima. Kifaa cha mtoto lazima kipimwe ndani ya sikio lake na mtaalamu. Ndugu yangu mmoja Houston alishaagiza jozi kwenye mtandao awe ametusaidia. Tulimshukuru, tukamwomba avirudishe.

Mapema tu, tukiwa bado tunasubiri Medicaid, nilianza kazi ya pili, nayo ni mwajiri. Kama fedha ni zake, basi anayeweza kubadilisha orodha ni yeye, na huwa anaibadilisha mara moja kwa mwaka, mara nyingi ikianza Januari, kwa maamuzi yanayofanywa miezi ya katikati ya mwaka. Mume wangu aliogopa kwamba kulalamika kutamponza. Tukaandika barua isiyo na lalamiko hata moja. Ilieleza mtoto ni nani, kipimo kinasema nini, mpango unalipia kipandikizi lakini hauilipii jozi ya vifaa. Tukaambatisha maneno ya HB 490 na kusema hatuombi zaidi ya kile ambacho waajiri wadogo wa mji huuhuu, wanaonunua bima, tayari wanatakiwa kutoa: kifaa kimoja kwa kila sikio kila miaka 3, mpaka miaka 18. Waajiri wakubwa wanapenda kusikia mpaka wa gharama uko wapi, na sheria ya Texas ilikuwa imeshautengeneza.

Januari ya kwanza ilipita bila kitu. Tukapeleka tena, safari hii wafanyakazi wenzake wawili wenye watoto wasiosikia wakaweka sahihi zao. Mmoja alikuwa Mmeksiko, mwingine Mkongomani wa Bukavu, ambaye alikuwa akilipia vifaa vya mwanawe kidogokidogo kwa kadi ya mkopo. Januari iliyofuata kipengele kilikuwemo kwenye kitabu kipya. Hakuna aliyetuandikia kututaarifu. Nilikikuta mwenyewe, nikakisoma mara kadhaa kuhakikisha macho hayanidanganyi, kisha nikampigia yule baba wa Bukavu kabla hata ya kumpigia mume wangu.

Majimbo hayafanani, na rafiki akikwambia kwao imelipwa usidhani na kwako ni hivyo. Georgia ina sheria tangu 2018, lakini yenye kikomo cha dola 3,000 kwa kifaa kila baada ya miezi 48. California, tajiri vile, mwaka 2023 Gavana Newsom alikataa kutia sahihi muswada SB 635 ambao ungelazimisha bima kulipia watoto, akisema gharama. Nyumbani Tanzania mambo ni mengine kabisa: Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017, ambapo kabla ya hapo watoto walipelekwa India, na sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Mama mdogo wangu huko Tanga alinishangaa aliposikia tunapigania vifaa Marekani. Alidhani huku vinagawiwa.

Kwa familia ninazozitafsiria, kinachoumiza zaidi ni simu. Mtu anafanya kazi usiku, analala mchana, na kampuni ya bima inajibu mchana kwa Kiingereza cha haraka. Kwa hiyo mtoto mkubwa wa miaka kumi anapewa simu amfasirie mama yake habari za masikio ya mdogo wake. Hilo si lazima. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuleta mkalimani bila malipo, na kampuni nyingi za bima nazo zina laini ya ukalimani. Ukisema tu neno moja, "Swahili", watakusubirisha kidogo na kumleta. Ukisikia Kiswahili cha mkalimani hakifanani na cha kwenu, mtu wa Uvira akaletewa mtu wa Mombasa kwa mfano, una haki ya kusema hamwelewani. Nimekaa upande ule wa simu. Hatukasiriki.

Vifaa vyenyewe vikipatikana gharama haziishi. Mtoto mchanga anakua masikio kama anavyokua miguu, na kalibu inayokaa vizuri leo itaanza kupiga filimbi baada ya wiki chache. Mwaka wa kwanza zinabadilishwa mara kwa mara. Betri zinahitajika daima, na ziwe kwenye kifaa chenye mfuniko wa kufunga, kwani mtoto akimeza ni hatari kubwa. Kabla ya kupokea vifaa uliza dhamana ya kupotea: vifaa vingi vipya huja na dhamana inayolipia kupotea mara moja kwa kila sikio katika miaka ya mwanzo. Sisi kimoja kilipotelea bustani ya wanyama, na dhamana hiyo ilitufaa. Kama kazini kuna akaunti ya matibabu isiyokatwa kodi, ya aina ya FSA au HSA, inaruhusiwa kulipia vifaa, betri na marekebisho.

Sasa binti yetu anakaribia miaka 3, umri ambao huduma za nyumbani zinakoma na shule ya wilaya inapokea. Wilaya inatakiwa kumfanyia tathmini na kuandika mpango wake wa elimu kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na sheria ya serikali kuu inaitaka shule ihakikishe vifaa anavyovaa vinafanya kazi. Nimeshaomba wataje kwenye mpango ni nani atakayevikagua kila asubuhi na saa ngapi, maana wakiandika "shule itakagua" hakagui mtu. Na kuhusu bima, kile kipengele kipya kimetaja vifaa, hakikutaja kalibu. Bili ya kalibu za mwisho imerudi imekataliwa. Barua ya rufaa iko tayari, ina namba V5264 juu yake, na nakala ya pili inakwenda ofisi ya utumishi kabla hawajaanza kupanga Januari ijayo.